Barua ya wazi kwa viongozi wa afya: CT scan ikamilike kabla ya kupasua saratani ya utumbo mpana

Kwa Waziri wa Afya, Mganga Mkuu wa Serikali, Mkurugenzi Mkuu wa Bohari ya Dawa, Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na Waganga Wafawidhi wa hospitali za rufaa za mikoa na kanda.

YAH: VIPIMO VYA PICHA KABLA YA UPASUAJI WA SARATANI YA UTUMBO MPANA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Tunawaandikia tukiwa wataalamu wa upasuaji na wa radiolojia tunaohudumia wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana. Tunaomba utolewe waraka unaoagiza kwamba mgonjwa ambaye upasuaji wake si wa dharura asiingizwe chumba cha upasuaji kabla hajapigwa CT scan (picha za eksirei zinazouonyesha mwili vipande vipande) ya kifua, tumbo na nyonga kwa kontrasti ya mshipani, yaani dawa ya kung'arisha picha, na picha hizo zimesomwa na daktari wa radiolojia na kutazamwa na daktari atakayempasua. Waraka huo usije mikono mitupu. Uje na kontrasti, vifaa vya kuidungia, utaratibu wa kusoma picha na njia ya kulipia.

Zamani ombi hili lingekuwa zito, kwa kuwa mashine za CT zilikuwa katika hospitali chache kubwa. Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa takriban shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ikanunua mashine za CT kwa hospitali za rufaa za mikoa. Tunalishukuru taifa kwa hatua hiyo. Kwa hiyo barua hii haiombi mashine mpya. Inahusu namna zilizopo zinavyotumika, na hapo ndipo wagonjwa wanapopotea.

Bado mgonjwa anapelekwa kupasuliwa akiwa na altrasaundi ya tumbo na eksirei ya kifua basi. Altrasaundi ni kipimo kizuri cha mawe ya nyongo na cha maji tumboni, lakini gesi ya utumbo huizuia, sehemu ya ini iliyojificha juu chini ya mbavu huipita, na majibu yake hutegemea mkono wa anayepima. Eksirei ya kifua haimwonyeshi daktari kinundu cha milimita 5 kwenye pafu, na hata cha sentimita 1 kinaweza kufichwa na moyo au mbavu. Kwenye ini na kwenye mapafu ndiko saratani hii hupenda kusambaa. Katika nchi zenye takwimu kamili, mgonjwa mmoja kati ya watano hukutwa tayari imesambaa siku anapogundulika. Kwetu wengi huja wakiwa wamechelewa, kwa hiyo hatuna sababu ya kudhani hali yetu ni nafuu.

Mtu ambaye ini lake lina madoa kumi ya saratani, na utumbo wake haujaziba wala hautoki damu nyingi, mara nyingi anahitaji kuanza na tibakemikali. Akipasuliwa kwanza, atakaa wiki 4 hadi 6 akisubiri kidonda kipone, na mshono wa utumbo ukivuja atasubiri zaidi. Muda wote huo ugonjwa wa kwenye ini unaendelea kukua bila dawa. Mwingine ana madoa mawili upande mmoja wa ini. Huyo anaweza kuwa mtu wa kupona kabisa endapo utumbo na ini vitapangiwa matibabu pamoja tangu mwanzo. Hao wawili wakilala vitanda jirani wodini huwezi kuwatofautisha kwa macho wala kwa mikono. Picha ndiyo inayowatenganisha.

Yapo pia yanayomkuta daktari akiwa tayari amefungua tumbo. Uvimbe wa upande wa kulia unaweza kuwa umeshika duodenamu (mwanzo wa utumbo mwembamba) au kongosho. Wa upande wa kushoto unaweza kuwa umeuzunguka mrija wa kushusha mkojo, na ule wa sigmoidi, sehemu ya utumbo mpana iliyo juu ya puru, ukawa umeingia kwenye kibofu au mfuko wa uzazi. Kanuni ya upasuaji wa saratani ni kukiondoa kiungo kilichoshikwa pamoja na uvimbe, kipande kimoja. Kuubandua uvimbe kwa vidole ni kuupasua na kumwaga mbegu zake tumboni. CT ikionyesha mapema, daktari wa mkojo ataitwa, mrija utawekewa stenti (kijibomba cha kuulinda), damu itaandaliwa, au mgonjwa atapewa rufaa kwenda hospitali ya kanda kabla tumbo lake halijaguswa. Asipoonyeshwa, daktari wa mkoa aliye peke yake saa sita mchana hana budi kuchagua kati ya kubandua na kufunga tumbo.

Picha inaweza hata kubadili mpangilio wa tiba kwa ugonjwa ambao haujasambaa. Utafiti wa FOxTROT uliochapishwa mwaka 2023, wenye wagonjwa zaidi ya 1,000, uliwachagua kwa CT wale ambao saratani ilikuwa imepenya misuli ya ukuta wa utumbo. Waliopewa wiki 6 za tibakemikali kabla ya upasuaji walibakiwa au kurudiwa na ugonjwa ndani ya miaka miwili kwa kiwango cha asilimia 16.9, wakati waliopasuliwa kwanza walifikia asilimia 21.5. Haimfai kila mgonjwa, kwani saratani zenye kasoro ya kurekebisha vinasaba ziliitikia dawa hizo kwa nadra. Lakini njia hiyo haiwezi hata kujadiliwa pale ambapo picha haikupigwa.

Sasa tuingie chumba cha CT, maana kasoro nyingi huanzia humo.

Kasoro kubwa kuliko zote ni kupiga bila kontrasti. Ini lenye afya hupata takriban robo tatu ya damu yake kutoka kwenye mshipa unaokusanya damu ya utumbo. Madoa ya saratani iliyosambaa hulishwa zaidi na ateri ya ini. Kontrasti ikidungwa mkononi, baada ya sekunde 70 hivi inakuwa imezunguka kupitia utumbo na kuingia kwenye ini. Ini linang'aa na doa la saratani linabaki jeusi. Bila kontrasti vyote viwili vina rangi ya kijivu inayokaribiana, na doa la sentimita 2 linaweza kupotea kabisa. Ukipiga sekunde 30, ini bado halijang'aa. Ukichelewa dakika kadhaa, tofauti inafifia. Kwa hiyo kuandika "CT tumbo" kwenye fomu hakutoshi. Fomu ieleze kwamba ni kutathmini hatua ya saratani ya utumbo mpana, na mteknolojia afahamu kuwa sekunde 70 hazibadilishwi kwa sababu foleni ni ndefu.

Kiasi cha kontrasti kifuate uzito: mililita 1.5 hadi 2 kwa kila kilo, yenye iodini miligramu 300 hadi 370 kwa mililita. Mtu wa kilo 60 anahitaji mililita 90 hadi 120. Tunaona picha zilizopigwa kwa mililita 50 ili chupa moja itoshe wagonjwa wawili. Akiba hiyo ni ya hasara, kwa kuwa picha zote mbili hazisomeki vizuri na wote wawili watarudi. Kanyula iwe namba 18 ya kijani au 20 ya waridi, kwenye mshipa mnene wa kiwiko, ijaribiwe kwanza kwa maji ya chumvi, kisha mashine ya kudungia isukume mililita 3 kwa sekunde. Kanyula ya bluu iliyowekwa nyuma ya kiganja tangu wodini haimudu kasi hiyo, mshipa hupasuka na kontrasti ikavimbisha mkono. Kusukuma kwa mkono kunachukua muda mrefu mno, dawa inafika kwenye ini ikiwa imetawanyika, na kuhesabu sekunde 70 kunakosa maana.

Mgonjwa anywe maji ya kawaida, nusu lita hadi lita moja, ndani ya saa moja kabla ya kipimo. Kontrasti nyeupe ya kunywa si lazima, tena inaweza kuficha ukuta wa utumbo tunaotaka kuuona. Mikono iwe juu ya kichwa ili mifupa yake isichafue picha ya ini. Afundishwe kushika pumzi kabla ya kulala mezani, kwa Kiswahili anachokielewa, na ikiwezekana kwa lugha ya nyumbani kwao, kwa sababu mapafu yanayocheza hufuta vinundu vidogo. Picha zianzie juu ya ncha za mapafu na ziishie chini ya mifupa ya nyonga. Vipande vitengenezwe vyembamba, milimita 1 hivi, kisha vipangwe upya vya milimita 3 kwa pande tatu: mlalo, wima wa mbele na wima wa ubavu. Vipande vya milimita 10 vinavyotumwa kwenye filamu moja vinaruka vitu vyenye ukubwa wa punje ya mahindi.

Hofu ya figo imezidi kipimo. Kreatinini, kipimo cha damu cha figo, ipimwe na uwezo wa figo kuchuja damu (eGFR) ukokotolewe, ndiyo, lakini mwenye uwezo wa mililita 30 kwa dakika na kuendelea ambaye figo zake zimetulia anaweza kupewa kontrasti bila wasiwasi mkubwa. Chini ya 30, daktari wa radiolojia na aliyemtuma wazungumze, wapime faida na hatari, na mgonjwa apewe maji ya mshipani. Anayetumia metformini, dawa ya kisukari, asimamishe kwa saa 48 ikiwa figo ziko chini ya kiwango hicho au zimeathirika ghafla, kisha figo zipimwe tena. Wengine hawana haja ya kuiacha. Kinachodhuru figo za wagonjwa wetu kila siku ni kuwafungisha tangu jioni na kuwapiga picha saa tisa alasiri wakiwa wamekaukiwa. Kufunga kwa muda mrefu hivyo hakuna sababu.

Kuhusu mzio, swali la kuuliza ni kama aliwahi kudhurika na kontrasti yenyewe. Mzio wa samaki si kizuizi. Ndani ya chumba, si stoo ya wodi ya jirani, iwepo adrenalini, na kila mteknolojia ajue dozi ya mtu mzima: miligramu 0.5 ndani ya msuli wa paja.

Bohari ya Dawa, hapa ndipo tunapowahitaji zaidi. Mashine nzima inasimama kwa kukosa chupa ya mililita 100, au chupa ipo lakini bomba za mashine ya kudungia zimeisha. Kontrasti, bomba, mirija na kanyula za namba 18 na 20 ziagizwe kama kifurushi kimoja, kwa hesabu ya wagonjwa waliopigwa picha miezi iliyopita na si kwa kubahatisha. Vivyo hivyo mkataba wa matengenezo, kiyoyozi na kifaa cha kulinda umeme viwe katika bajeti ya kila mwaka ya hospitali. Umeme unaokatika katikati ya kipimo huweza kuharibu mashine, na kuinunulia bomba jipya la mionzi ni gharama inayoweza kuizima kwa miezi.

Suala la mionzi tunalichukulia kwa uzito. CT ya kifua, tumbo na nyonga hutoa takriban milisiviti 10 hadi 20, wakati binadamu hupata wastani wa milisiviti 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye mazingira. Kwa mtu mwenye saratani ya utumbo faida inaizidi hatari hiyo kwa mbali. Ila kipimo kilichofanywa vibaya kikarudiwa kinampa mionzi mara mbili kwa uzembe wetu, na tungependa Tume ya Nguvu za Atomiki, inapokagua mashine, ihesabu pia vipimo vinavyorudiwa.

Picha nzuri inaweza kuharibiwa na majibu mabaya. Mgonjwa anasafirishwa kutoka mkoani na karatasi yenye mstari mmoja: "uvimbe kwenye utumbo, tezi za limfu zimevimba." Daktari wa upasuaji hawezi kufanya lolote na mstari huo. Majibu yaseme uvimbe uko sehemu gani ya utumbo, una urefu gani, umetoka nje ya ukuta kwa milimita ngapi, umegusa kiungo gani, kuna kuziba au kutoboka, ini lina madoa mangapi na yako wapi, mapafu yana nini, kuna maji tumboni au vinundu kwenye utando wake. Yaseme pia njia ya mishipa ya damu kwa anayepasuliwa upande wa kulia, na kama figo zote mbili zipo na zinafanya kazi. Sehemu ya uvimbe ina uzito wa pekee, kwa kuwa kolonoskopi, kamera inayopitishwa ndani ya utumbo mpana, hukosea kupima umbali: utumbo hujikunja juu ya kifaa, na sentimita 40 zinaweza kuwa mahali tofauti kabisa na daktari alivyodhani. Uvimbe mdogo unaweza usionekane kwenye CT, hivyo anayefanya kolonoskopi auwekee alama ya wino pale pale.

Msomaji wa picha katika nchi zetu anahitaji tahadhari ambayo vitabu vya Ulaya huipitia juu juu. Kinundu kwenye ncha ya pafu kinaweza kuwa kovu la kifua kikuu. Uvimbe mahali utumbo mwembamba unapoungana na mpana unaweza kuwa kifua kikuu cha utumbo, na ameba nayo hutengeneza uvimbe unaofanana na saratani. CT haithibitishi saratani. Kipande cha nyama kilichopimwa maabara ndicho kinachothibitisha. Na tezi za limfu tusizihukumu kwa ukubwa pekee: iliyovimba inaweza kuwa ya maambukizi tu, na ndogo ya milimita 5 ikawa na saratani. Daktari anayemwambia mgonjwa "imesambaa" kwa sababu ya tezi moja kubwa au kinundu cha milimita 4 anamnyang'anya matumaini bila ushahidi. Doa la ini lisiloeleweka lipigwe MRI (picha za sumaku, zisizo na mionzi), kinundu kidogo cha pafu kilinganishwe na picha ya baada ya miezi michache.

Madaktari wa radiolojia ni wachache na hatutarajii kila mkoa uwe na watatu kesho. Picha zinaweza kusafiri. Tunaomba kila hospitali yenye CT ihifadhi picha kamili katika DICOM, mfumo wa kidijitali wa picha za tiba, izitume kwa mtandao kwenye hospitali ya kanda, na impe mgonjwa nakala kwenye CD bila malipo ya ziada. Filamu na karatasi peke yake humlazimu mtu aliyetoka Katavi kurudia kipimo akifika Dar es Salaam. Kisha mara moja kwa wiki, hata kwa simu ya video, daktari wa upasuaji, wa radiolojia, wa patholojia na wa saratani wakae pamoja juu ya picha hizo na uamuzi uandikwe kwenye faili.

Saratani ya puru, sehemu ya mwisho ya utumbo kabla ya njia ya haja kubwa, inataka jambo la ziada. Puru imezungukwa na kifuko cha mafuta, na uvimbe ukiukaribia utando wa kifuko hicho kwa milimita 1 au pungufu, kuupasua moja kwa moja ni kuacha saratani ndani. CT haioni utando huo vya kutosha, MRI inauona. Utafiti wa MERCURY wa mwaka 2006 ulikwisha onyesha hivyo. Ipigwe picha za T2, aina mojawapo ya picha za MRI, zenye vipande vya milimita 3, vikatwe kwa pembe mraba na mhimili wa uvimbe, bila kontrasti. Vikikatwa mshazari, uvimbe ambao haujafika kwenye utando utaonekana kama umefika. Anayehitaji tibamionzi kabla ya upasuaji atumwe kwenye hospitali zenye tibamionzi, kama Ocean Road au Bugando, kabla tumbo halijafunguliwa. Kwa saratani ya utumbo mpana juu ya puru, MRI ya nyonga si ya lazima, na PET, picha za kutafuta saratani mwili mzima kwa dawa yenye mionzi, hatuiombi kama kipimo cha kawaida kwa yeyote.

Dharura zina kanuni yake. Mwenye tumbo gumu kama ubao na shinikizo la damu lililoshuka asicheleweshwe kwa ajili ya picha. Lakini wengi wenye utumbo ulioziba wana utulivu wa kutosha, na CT ya dakika chache itaonyesha kama ni saratani au ni utumbo uliojisokota, ambao tunakutana nao sana Afrika Mashariki, na itapima sikamu, mwanzo wa utumbo mpana: ikikaribia sentimita 12, hatari ya kupasuka iko mlangoni. Aliyepasuliwa kwa dharura bila picha ya kifua apigwe kabla ya kuanza tibakemikali. Na ambaye kolonoskopi haikupita kwa sababu ya kuziba, utumbo uliobaki uchunguzwe ndani ya miezi 3 hadi 6 baada ya upasuaji, kwa kuwa wagonjwa wachache huwa na saratani ya pili sehemu nyingine ya utumbo.

Kuhusu malipo, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatoa nafasi ya kurekebisha jambo moja. Kifua, tumbo na nyonga kwa mgonjwa huyu ni kipimo kimoja. Kikigawanywa kuwa vitatu kwenye ankara, familia inalipia tumbo na kuacha kifua, na kinundu cha pafu kinagunduliwa mwaka unaofuata. Tunaomba kiwe na msimbo mmoja na bei moja, kontrasti ikiwa ndani, na asiye na bima aingizwe kwenye msamaha kabla ya kipimo, si baada ya kukikosa.

Muda pia uandikwe kwenye waraka. Tunapendekeza CT ipigwe ndani ya siku 14 tangu majibu ya maabara yathibitishe saratani, majibu yake yatoke ndani ya siku 3 za kazi, na upasuaji ukichelewa zaidi ya wiki 6 tangu picha, timu iamue upya kama inahitaji nyingine. Hospitali za mikoa ziripoti Wizarani kila robo mwaka: wangapi walipasuliwa, wangapi walikuwa na CT kamili, wangapi walirudiwa kipimo na kwa sababu gani.

Tuko tayari kuandaa rasimu ya waraka huo, fomu ya kuombea kipimo na fomu ya majibu, na kuwafundisha wateknolojia wa kila kanda palepale kwenye mashine zao. Tunaomba Wizara itupe jina la ofisa wa kushughulika naye na tarehe ya kikao cha kwanza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Madaktari wa upasuaji, madaktari wa radiolojia na wateknolojia wa mionzi